Ziwa Limepanda, Ziwa Limepata Joto

Aprili na Mei mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yaliingia Kalemie. Yalifunika nyumba za ufukweni, yakakata barabara, yakafunga maduka. Uvira, Bujumbura na Kigoma nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Tangu hapo kila mtu mjini ana maelezo yake, na katika mengi joto la dunia halikosi kutajwa. Humu nimeyakusanya katika sauti nne: mvuvi mzee, mama anayeuza ndagala, mwalimu wa jiografia na mwanafunzi wa chuo kikuu. Wasemaji nimewatunga, lakini hoja zao ndizo zinazosikika bandarini, sokoni na mlangoni pa kanisa. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWANAFUNZI: Ushahidi umetufuata hadi ndani ya nyumba. Dunia inapata joto, barafu ya kaskazini inayeyuka, maji yanapanda kila mahali, na sasa yametufikia.

MVUVI: Mwanangu, ni maji gani hayo ya barafu yanayopanda mlima mpaka Kalemie?

MWALIMU: Papa ameuliza sawasawa. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Barafu ya Greenland ikiyeyuka, maji yake yanaingia baharini, na wa kuyahofia ni watu wa Banana, wa Mombasa, wa Zanzibar. Kwetu hayaji maji ya bahari. Ya kwetu ndiyo yanayokwenda huko, na mlango wao ni mmoja tu, mto Lukuga, hapa hapa mjini. Unashuka hadi Lualaba, kisha mto Kongo, kisha Atlantiki.

MWANAFUNZI: Basi haya yaliyotufunika yametoka wapi?

MWALIMU: Yametoka mawinguni. Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, halafu mito: Ruzizi unaoleta maji ya Kivu, Malagarasi unaotoka Tanzania, na mito yetu midogo. Na maji yanapoondoka, sehemu kubwa huondoka kwa mvuke. Lukuga huchukua kidogo. Ndiyo maana mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo ziwa hujaa, na likishajaa halishuki upesi.

MVUVI: Hayo nimeyaona kwa macho. Mwaka 1964 nilikuwa mtoto. Maji yalipanda, watu wakahama, na hakuna aliyetaja joto. Baadaye yakashuka, watu wakarudi kujenga pale pale.

MWALIMU: Na kabla ya hapo kulikuwa na makubwa zaidi. Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, mdomo wa mto ulikuwa umezibwa na majani na matope. Ziwa lilikuwa juu kuliko tulivyowahi kuliona sisi. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi yakatoka kwa nguvu kuelekea magharibi, na kabla karne haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10.

MVUVI: Mmesikia wenyewe. Ziwa hupanda, ziwa hushuka. Hayo ya joto ni maneno ya wazungu wanaotaka kutukataza miti yetu na petroli yetu.

Mara nyingi mjadala huu hukomea hapa, na hukomea vibaya. Mzee ameshinda hoja moja, kisha ushindi huo anaupeleka mahali ambapo hakuthibitisha kitu. Mwaka 1964 unatuonyesha kwamba ziwa linaweza kupanda kwa mvua peke yake. Hauonyeshi kwamba mvua za miaka hii hazikusaidiwa na joto. Mvua kubwa za mwisho wa 2019 zilikuja wakati maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipokuwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia. Mwisho wa 2023 hali hiyo ilijirudia, safari hii pamoja na El Niño. Kupanda na kushuka huko kwa bahari ni kwa zamani. Kipya ni kwamba kunatokea katika dunia iliyokwisha kupata joto, na hewa ikiongezeka digrii moja hubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7. Kundi la wataalamu liitwalo World Weather Attribution lilipochunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika Kenya, Ethiopia na Somalia, lilikuta kwamba joto lililoletwa na binadamu lilizikuza hata kufikia karibu mara mbili.

Kundi hilo hilo lilikuwa limeshajaribu kwetu miezi michache kabla. Mei 2023 mafuriko ya Kalehe, katika Kivu Kusini, yaliua zaidi ya watu 400, wengi wao Bushushu na Nyamukubi. Wataalamu walitaka kujua joto la dunia lilichangia kiasi gani. Wakasema wazi kwamba hawawezi kujibu, kwa sababu vituo vya kupima mvua katika eneo hilo ni vichache mno. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana linatugusa kuliko hesabu zote zitakazofuata.

MAMA: Ninyi mnagombania maji. Mimi nataka kujua habari za ndagala. Nilianza biashara hii nikiwa msichana, nikimsaidia mama yangu kuanika pale mchangani. Siku hizi unaamka saa kumi za usiku, unangoja mitumbwi, na inayorudi imebeba taa na nyavu tu.

MVUVI: Tumekuwa wengi, Mama. Kila aliyekimbia vita huko Nyunzu amefika ziwani, na njaa haina shule. Wengine wanavua kwa chandarua cha mbu, wanakomba hata watoto wa samaki. Ziwa gani litavumilia?

MWANAFUNZI: Papa, hapana. Ni joto. Limeandikwa na wataalamu. Kuwafungia wavuvi ziwa ni kuwaonea.

MWALIMU: Joto la digrii moja, mwanangu? Hapa Kalemie kati ya asubuhi na mchana tunapishana digrii nyingi kuliko hiyo, na hatufi.

Hilo la digrii moja ndilo kosa ninalolisikia kwa watu waliosoma, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaficha jambo kubwa kuliko yote yanayotokea mbele ya mji wetu. Tulitazame polepole.

Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Duniani kote ni Baikal tu inayoizidi. Lakini samaki wanaishi katika sehemu ya juu pekee. Ukipita mita 100 hivi upande wa kaskazini, au kama 200 upande wa kusini, oksijeni hakuna tena; maji yanaendelea kwenda chini zaidi ya kilomita moja bila samaki hata mmoja. Huko chini ndiko iliko mbolea ya ziwa: fosforasi, nitrojeni, silika, na mabaki ya kila kilichokufa kikazama. Kiangazi kinapoingia, kuanzia Mei hadi Septemba, pepo za kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye mbolea hupanda, hasa upande wa kusini. Mwani humea, vidudu vidogo hula mwani, ndagala hula vidudu, mikebuka hula ndagala. Biashara yote ya Mama inategemea kuchanganyika huko kwa maji.

Sasa maji ya juu yakipata joto huwa mepesi. Hukaa juu ya maji ya chini kama mafuta ya mawese yanavyokaa juu ya maji, na upepo uliokuwa ukiyachanganya huhitaji nguvu zaidi kufanya kazi ile ile. Na hapa ndipo digrii moja inapoonyesha uzito wake. Katika ziwa la nchi ya baridi, maji ya digrii 5 yakifika 6, wepesi wake haubadiliki sana. Katika ziwa letu, maji ya digrii 25 yakifika 26, badiliko ni zaidi ya mara 10 ya hilo. Nchi ya joto haina nafasi ya kupoteza digrii hata moja. Mwili wa Mwalimu unaweza kutoka jasho ukapoa. Ziwa lenye maji ya kina hicho halina njia hiyo.

Hayo yamepimwa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yamepata joto, upepo umepungua, na uwezo wa ziwa kuotesha mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingepunguza samaki kwa kama asilimia 30. Mwaka huo huo Piet Verburg na wenzake walieleza mambo yanayofanana na hayo katika Science. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walisoma matope ya chini ya ziwa, ambayo hutunza alama za joto la kila enzi, wakakuta kwamba joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya 20 halikuwa na mfano katika miaka 1,500. Bila shaka katika miaka hiyo 1,500 ziwa lilipanda na kushuka. Joto la namna hii halikuwahi kuonekana.

MVUVI: Habari ya upepo naikubali. Upepo wa kiangazi si ule wa baba yangu. Zamani kuna siku ungekaa nchi kavu wiki nzima ukiuogopa. Lakini mbona hamkusema tangu mwanzo? Mlisema barafu.

MWANAFUNZI: Basi nilikuwa na haki kuhusu samaki. Ni joto, si nyavu.

MAMA: Wewe nawe! Mimi nimeuza ndagala ambazo zingepita kwenye tundu la sindano. Hizo zilivuliwa na joto?

Mama amesema kweli, na mwanafunzi pia amesema kweli nusu. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichapisha hesabu ya mifupa na magamba ya samaki yaliyozama katika matope kwa karne nyingi. Walikuta samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuingia ziwani katika miaka ya 1950. Waligundua tena kwamba sehemu za chini ya ziwa zenye oksijeni ya kutosha zimepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Kwa hiyo nyavu hazikuanzisha kupungua huko. Ila zimekuja juu yake. Ziwa linalozalisha kidogo kuliko zamani, likivuliwa na watu wengi kuliko zamani, linaumia mara mbili, na sioni namna ambayo kosa la mmoja linaweza kuwa ruhusa ya mwingine. Ndagala haishi sana, kama mwaka hivi. Ukimwacha azae msimu mmoja, tofauti inaonekana upesi. Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, katika mpango uliozungumzwa na nchi zote nne za ziwa: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

MAMA: Miezi mitatu nitakula nini? Hilo nalo waliliandika katika jarida?

Hawakuliandika. Nadhani hilo ndilo swali la kwanza ambalo serikali ya mkoa ingetakiwa kujibu kabla ya kutuma askari ziwani.

MAMA: Kanisani tulisikia kwamba hizi ni dalili za nyakati za mwisho. Na jirani yangu anasema jua limesogea.

MWALIMU: Kanisani huko huko, Mama, Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua ya Laudato si' mwaka 2015, akasema sehemu kubwa ya joto hili inatokana na kazi za binadamu. Kumwachia Mungu kosa letu si imani. Na jua halikusogea. Tangu mwaka 1978 mitambo ya angani inapima nguvu zake, na hazikuongezeka. Isitoshe, kama lingekuwa jua, anga la juu sana nalo lingepata joto. Badala yake linapoa, wakati huku chini kunazidi kuwaka. Mimi nilivyofundishwa, ni ozoni iliyotoboka, joto likapata mahali pa kuingilia.

MWANAFUNZI: Kwa heshima, Mwalimu, hapo ni mambo mawili tofauti. Ozoni huzuia miale inayochoma ngozi na macho. Tundu lake liko juu ya Antaktika, lilitokana na gesi za friji na za makopo ya kupuliza, na tangu mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 linaanza kupona. Joto linatokana na gesi nyingine, hasa kaboni dioksaidi. Mwanga wa jua unaingia kama kawaida. Gesi hiyo inazuia joto lisitoke.

MVUVI: Na Nyiragongo? Mlima ule ulilipuka mwaka 2002, ukalipuka tena 2021, na kati ya hapo haukuacha kufuka. Viwanda vya Ulaya vitaushinda?

MWANAFUNZI: Vinaushinda mbali, Papa. Ukijumlisha milima yote ya moto duniani, gesi hiyo inayotoka humo haizidi kama asilimia 1 ya ile tunayoitoa binadamu. Kwa kuchoma makaa ya mawe, petroli na gesi peke yake, watu wanatoa zaidi ya tani bilioni 35 kila mwaka. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 zilikuwa za kaboni dioksaidi. Sasa zimepita 420.

Kuhusu maneno ya wazungu: mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikaa na kalamu akakadiria ni digrii ngapi dunia ingepata gesi hiyo ikiongezeka. Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya Leopold, na mji wetu, ukiitwa Albertville, ulikuwa na umri wa miaka michache. Hakuna aliyekuwa akiiwazia petroli ya Tanganyika. Hila dhidi yetu zimekuwapo nyingi, na tuna sababu ya kuzihofia; hesabu hii haimo kati yake.

MAMA: Nina moja linanisumbua. Tunaambiwa sisi tunaochoma makala ndio tunaoleta joto. Napika kwa makala kila siku. Mashini ya umeme sina, gesi sina. Mimi ndiye niliyeua ndagala?

Hapana, Mama. Hili nataka lisikike mpaka bandarini. Kwa petroli, makaa ya mawe na saruji, Mkongomani mmoja kwa mwaka anatoa chini ya sehemu ya kumi ya tani ya kaboni dioksaidi. Mmarekani mmoja anatoa kama tani 14. Watu wa Kalemie wote wakiacha kupika kesho, maji ya ziwa hayatapoa. Kufundisha watoto wetu kwamba sufuria ya mama yao ndiyo imeharibu hali ya hewa ni dhuluma.

MWANAFUNZI: Basi hatuna hatia yoyote.

MWALIMU: Usikimbie hivyo. Nchi yetu hupoteza karibu hekta 500,000 za msitu wa asili kwa mwaka, na huko ndiko gesi nyingi ya Kongo inakotoka. Halafu tazama vilima vilivyotuzunguka. Palipokuwa na miti mvua ilikuwa inapenya ardhini. Sasa inashuka yote kwa mara moja, imebeba udongo, inachimba makorongo katikati ya nyumba na kumwaga matope ziwani. Hayo mafuriko ya mito midogo, tofauti na yale ya ziwa, tumeyachangia sisi.

Nakubaliana naye. Miti ya vilimani itunzwe kwa sababu ya udongo, chemchemi na nyumba za walio chini, bila kumsingizia Mama dhambi ya Chicago. Na tukitaja hatia, tusisahau kwamba makaa ya mawe ya Lukuga yalichimbwa Greinerville, karibu na mji huu, enzi ya Wabelgiji. Sehemu ya gesi iliyotoka humo bado iko angani, kwa sababu hukaa mamia ya miaka.

MVUVI: Nami nina langu. Mwanangu wa tatu hana kazi. Wakichimba petroli ziwani atapata. Wao walichimba yao wakatajirika.

Serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli na vitatu vya gesi Julai 2022, na 11 kati ya vile vya petroli vilikuwa katika bonde la Tanganyika. Oktoba 2024 mnada huo ulifutwa. Haki ya mzee kuuliza siikatai. Anayemkataza bila kumpa kazi mwanawe hana la kusema. Ila mimi napinga uchimbaji humo, na sababu yangu ya kwanza si hewa ya dunia. Maji ya ziwa hili hubadilika kwa mamia ya miaka, na mlango wa kutokea ni Lukuga pekee. Petroli ikimwagika baharini mawimbi huisambaza. Ikimwagika hapa itabaki kwa wajukuu wa wajukuu, katika maji ambayo watu wa nchi nne wanayanywa.

MWANAFUNZI: Basi walioleta joto watulipe. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ukazinduliwa Dubai mwaka 2023. Tuwapelekee picha za mafuriko.

Tuwapelekee kwanza joto la ziwa. Picha ya mafuriko ina nguvu, lakini mtu yeyote atatujibu kwa mwaka 1964, kama mzee alivyojibu, na tutabaki kimya. Samaki waliopungua na maji yasiyochanganyika yana vipimo vya miaka zaidi ya 100. Hapo hakuna wa kutujibu kwa Stanley. Na kwa upande wa mvua, tunahitaji vituo vya kuipima, hapa Kalemie, Moba, Nyunzu, Kabimba, vyenye watu wanaolipwa kuvisoma kila siku, ili yasitupate tena yale ya Kalehe: watu kufa kwa mamia na wataalamu kushindwa kusema sababu. Wakati huo huo mji uchore mstari pale maji yalipofika mwaka 2024, na chini yake kusigawiwe kiwanja tena, maana mvua iwe ya asili au iwe imekuzwa na joto, ziwa litarudi pale.

MVUVI: Na sisi ambao nyumba zetu ziko chini ya mstari huo?

MWALIMU: Mtahamishwa, Papa.

MVUVI: Kwenda wapi? Vilimani kwenye makorongo? Na mtumbwi nitaulaza wapi?

MWALIMU: Hilo liandikwe katika madai pia. Kiwanja cha juu, na njia ya kushukia ziwani.

MAMA: Na mahali pa kuanikia.